Namna ya kulisoma daftari la zamani la lekcha za fizikia, kuanzia katalogi mpaka nakala yako

Ukiingia akaivu ya chuo kikuu chochote kikongwe ukaulizia fizikia, watakuonyesha barua za maprofesa, picha za maabara, pengine na kifaa cha shaba kwenye kabati la kioo. Madaftari ya wanafunzi yako huko chini kabisa ya orodha, kwenye maboksi ya kijivu, na mengine yanakaa miaka bila mtu kuyaomba. Mi ndo nayapenda hayo. Profesa anapoandika kitabu ameshasafisha kila kitu, ila mwanafunzi anaandika muda uleule maneno yanatoka mdomoni mwa mtu, na mkono wake unaonyesha wapi alielewa, wapi alipotea, wapi alichoka. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kulisoma daftari kama rekodi ya darasa. Ukilisoma kama kitabu cha fizikia utachoka ndani ya dakika 10, maana fizikia yenyewe tayari unaijua, na utalifunga ukidhani halina kitu.

Mfano mmoja ukae nao kichwani. Einstein alisoma Zurich kati ya 1896 na 1900, kwenye chuo ambacho leo kinaitwa ETH, na vipindi vingi vya hesabu hakuhudhuria sawasawa. Rafiki yake Marcel Grossmann alikuwa anaandika notsi safi sana, Einstein akawa anajiandalia mitihani kwa hizo, na uzeeni akasema hata hapendi kuwaza ingekuwaje bila zile notsi. Madaftari ya Grossmann bado yapo, maktaba ya ETH inayatunza. Ila lekcha za fizikia za Heinrich Weber, Einstein aliziandika kwa mkono wake mwenyewe, 1897 na 1898, na zimechapishwa kwenye juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wa kazi zake iliyotoka 1987. Wanafunzi wa Weber walilalamika kwamba nadharia ya Maxwell ya sumakuumeme aliiruka, na wakati huo ilikuwa ishapita miaka 30 tangu iandikwe. Sasa ona, ukiwa na daftari la darasa kama hilo, kile ambacho hakimo kina uzito sawa na kilichomo, na kitabu cha kiada hakiwezi kukupa habari hiyo hata siku moja.

Kulipata

Kosa la kwanza karibu kila mtu analifanya, unaandika jina la profesa kwenye katalogi, hupati kitu, unaondoka. Daftari mara nyingi limeorodheshwa kwa jina la mwanafunzi, au la familia iliyolitoa baada ya mzee kufariki, na pengine huyo mwanafunzi hakuwa mwanafizikia hata kidogo maishani, alikuja kuwa daktari au mwalimu wa sekondari au mchungaji. Kwa hiyo tafuta kwa somo, kwa miaka, na kwa maneno yanayotumika kwenye lugha ya katalogi yenyewe. Akaivu za Kijerumani jaribu Mitschrift na Kollegheft, za Kifaransa jaribu notes de cours na cahier. Ukikosa, mwandikie mtunza nyaraka imeili fupi, taja mhadhiri, somo na miaka unayoitaka, halafu uliza swali hili hasa: kuna kitu ambacho hakijaingizwa kwenye katalogi ya mtandaoni? Swali hilo limenifungulia maboksi mengi kuliko utafutaji wowote, maana watunza nyaraka wengi wana orodha za zamani za karatasi, na wanafurahi kweli mtu akiuliza.

Kama hujawahi kabisa kusoma maandishi ya aina hii, anzia nyumbani. Daftari la Newton la pale chuo cha Trinity, alilolianza alipoingia Cambridge 1661, limeskaniwa lote na liko bure kwenye maktaba ya kidijitali ya Cambridge. Kuza picha, soma mistari mitatu kwa siku, macho yazoee.

Kabla hujaenda

Tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni orodha ya kozi za chuo za mwaka ule, vyuo vingi vilikuwa vinazichapisha, itakwambia kozi ilikuwa saa ngapi kwa wiki na nani alifundisha. Cha pili ni kitabu ambacho mhadhiri alikuwa anakifuata au alikiandika mwenyewe. Ukiwa navyo utajua ukurasa upi mhadhiri anasoma tu kitabu na ukurasa upi katoka nje ya kitabu, na huko nje ndo penye utamu.

Omba daftari siku kadhaa kabla maana mara nyingi maboksi yako ghala la mbali, uliza kama picha zinaruhusiwa, na beba penseli. Kalamu ya wino haiingii chumba cha kusomea, hilo halina mjadala, doa moja halifutiki tena.

Mkono na karatasi

Nawa mikono uikaushe vizuri. Glavu za pamba watu wanadhani ni lazima, ila kwa karatasi akaivu nyingi siku hizi zinataka mikono mitupu iliyo safi, maana ukivaa glavu vidole vinakosa hisia na unachana ukingo wa karatasi bila kujua, glavu waachie watu wa picha. Daftari liweke kwenye mito ya sponji wanayokupa, lisifunguke zaidi ya linavyotaka lenyewe, na kurasa zishikilie kwa ule mnyororo mzito wa kitambaa, usibonyeze kwa kiganja. Usilambe kidole kufunua kurasa. Najua ni mazoea, uache.

Wino wa karne ya 19 mara nyingi ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini ya vivimbe vya mwaloni, ukiwa mpya ni mweusi, ukizeeka unakuwa wa kahawia, na una asidi inayokula karatasi taratibu. Ukiona maandishi yametoboa upande wa pili simama, mwite mhudumu, usiendelee kufunua. Kuna madaftari ambayo hatari yake ni nyingine kabisa, yale ya maabara ya Marie Curie yaliyoko maktaba ya taifa ya Ufaransa bado yana mionzi, maana radiamu inachukua miaka kama 1600 kupungua nusu. La mwanafunzi wa kawaida halitakufanya hivo, ila adabu ni ileile, uliza kwanza ndo uguse.

Na vikaratasi. Madaftari haya yamejaa vikaratasi vilivyochomekwa, tiketi, swali la mtihani, hesabu iliyofanywa nyuma ya bahasha. Kikaratasi kisihame. Andika kiko kati ya ukurasa gani na gani, kipige picha kikiwa palepale, kirudishe palepale, kwa sababu mahali kilipokaa ndo habari yenyewe, kikihamia kurasa 20 mbele hakuna atakayejua tena kilikuwa kinajibu nini.

Mzunguko wa kwanza usisome

Hapa watu wanakosa subira. Mara ya kwanza pitia daftari zima bila kusoma hata sentensi, angalia tu. Hesabu karatasi, angalia zilizochanwa, angalia wino unabadilika wapi, penseli inaanzia wapi, mwandiko unakuwa mkubwa wapi. Halafu ligeuze, kichwa chini, ulifungue kwa nyuma. Karatasi ilikuwa na thamani, wanafunzi waliandika somo moja mbele na jingine nyuma na katikati wakajaziajazia. Newton alifanya hivo hivo, miisho yote miwili ya lile daftari ina notsi za Aristotle alizotakiwa kusoma chuoni, kurasa nyingi za katikati zikabaki tupu, na kwenye zile tupu ndo alikuja kuanza maswali yake mwenyewe mnamo 1664, kuhusu mwanga, rangi, mwendo, uzito. Mtu angeangalia kurasa za mwanzo tu angesema huyu kijana anakariri Aristotle, basi.

Mzunguko huo huo ndo unaamua swali kubwa kuliko yote: hizi ni notsi za darasani au ni nakala safi iliyoandikwa nyumbani jioni? Za darasani zina vifupisho, mistari inayopanda mlima, michoro ya haraka, sentensi zilizokatika. Nakala safi ina vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari kwa rula, michoro mizuri, hakuna makosa ya kukata. Michael Faraday alipohudhuria lekcha za mkemia Humphry Davy 1812 akiwa bado anajifunza kujalidi vitabu, aliandika upya notsi zake kwa unadhifu, akachora vifaa, akazijalidi mwenyewe, zikafika kurasa kama 300, akampelekea Davy, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi wake. Ni kitu kizuri kupita kiasi, ila ukikisoma kumbuka ni mtu anayeomba kazi. Nakala safi inakwambia mwanafunzi alitaka ionekane alielewa nini, ile chafu inakwambia alisikia nini. Zote zina kazi, usizichanganye tu.

Kuusoma mwandiko

We unaijua fizikia na huo ndo ufunguo wako, watu wa historia wanakuonea wivu kwa hilo. Usianze na maneno, anza na milinganyo. Ukiona mlinganyo unaoujua, tuseme nishati ya mwendo, ile nusu ya m mara v mraba, tayari umeshapata m na v za mwandiko huyu. Chukua sheria ya Ohm, chukua ya gesi, baada ya saa moja unakuwa na karibu nusu ya alfabeti yake umeichora pembeni kwenye karatasi yako, ndo sasa unarudi kwenye maneno. Maneno ya fizikia nayo yanajirudia sana, ukilipata neno la joto mara moja utalikuta mara 200.

Kwa daftari za Kijerumani jiandae, mwandiko wao wa zamani unaoitwa Kurrent ulifundishwa shuleni mpaka 1941 na herufi zake e, n na u zinafanana kiasi cha kukuliza, utafute chati ujifunze wiki mbili kabla hujaenda. Ukikuta vistari na vimkunjo visivyosomeka kabisa, hiyo inaweza kuwa hatimkato, yaani mwandiko wa alama za kuandika harakaharaka, ule wa Gabelsberger ulienea sana kwa wasomi wa Kijerumani, mwanafizikia Schrödinger na mwanahesabu Gödel waliutumia. Usijaribu kubahatisha hapo, piga picha umtafute anayeujua.

Sehemu ya fizikia

Hapa nataka tukae kidogo. Vipimo vya zamani mara nyingi ni sentimita, gramu na sekunde, kwa hiyo kani iko kwenye daini, nishati iko kwenye egi, na milinganyo ya umeme haina zile namba za kudumu, epsilon sifuri na miu sifuri, unazoziona leo kwenye mfumo wa mita, kilo na sekunde. Mwanafunzi hajasahau kitu, mfumo wake tu ni mwingine. Vekta zinaweza kuwa zimeandikwa kwa herufi za Kijerumani cha zamani kama alivyofanya Maxwell, kwa hiyo kile kidude kinachofanana na mzizi uliopinda ni H au E tu. Etha, kile kitu kisichoonekana walichodhani mwanga unasafiri ndani yake, utaikuta inazungumzwa kama kitu cha kawaida kabisa, iache ilivyo, usiweke alama ya mshangao kwenye nakala yako, kwa mhadhiri yule ilikuwa ni maelezo ya busara ya jinsi mwanga unavyosafiri.

Namba ndo saa yako. Chaji ya elektroni ni mfano mzuri kuliko yote: Millikan 1913 alitoa 4.774 mara kumi kwa kipeo hasi 10 kwenye vizio vya kielektrostatiki, dunia nzima ikaitumia, na ilikuwa chini kidogo ya ukweli kwa sababu thamani ya mnato wa hewa aliyoitumia haikuwa sahihi. Miaka ya 1930 ndo ikasahihishwa kuelekea 4.80. Kwa hiyo daftari lisilo na tarehe likiwa na 4.774, unajua limekaa upande gani. Digrii za kelvini zikiwa na kale kaduara ka digrii ni mazoea ya kabla ya 1967, maana mwaka huo ndo kaliondolewa rasmi. Na kinyume chake, daftari linalosema 1893 jaladani halafu ndani pambizoni kuna habari za eksirei, ambazo Röntgen alizigundua Novemba 1895, lina mkono wa baadaye, mwanafunzi alirudi kulisoma tena au alimpa mdogo wake. Vivyo hivyo nyutroni kabla ya 1932. Tenganisha tabaka hizo, zipe majina, mkono wa kwanza, mkono wa pili.

Makosa usiyasahihishe. Nakuomba kabisa. Niwaonyeshe kitu nilichokikuta kwenye daftari moja la lekcha za umeme. Karatasi ya 31, upande wa nyuma, kuna mchoro wa galvanomita, kifaa cha kupima mkondo mdogo wa umeme, umechorwa kwa rula, na chini yake kwa penseli, haikufanya kazi, halafu neno moja la harakaharaka ambalo nililitazama siku mbili nzima nikashindwa. Mistari inayofuata ni mlinganyo, alama ya kutoa inapotea mstari wa tatu, na mstari wa nane inarudi yenyewe bila maelezo yoyote. Nilikaribia kuandika pembeni kwamba mwanafunzi alikosea. Nikaangalia wino, mstari wa nane alama ile ni nyeusi zaidi, imebanwa kati ya herufi mbili zilizokuwa zishaandikwa. Maana yake mhadhiri mwenyewe aliiangusha ubaoni, akastuka mwishoni, akarudisha kwenye jibu tu, na darasa zima likarekebisha jibu na kuacha mistari ya katikati ilivyo. Lekcha inayofuata inaanza na mchoro uleule wa galvanomita, mdogo zaidi, na neno moja, leo, limepigiwa mstari mara mbili. Kifaa kilikubali. Ningeweka ile alama ya kutoa mahali pake ningekifuta chumba kizima kile na watu waliokuwemo.

Kama bahati ipo, tafuta daftari la mwanafunzi mwingine wa kozi ileile, mwaka uleule. Kosa likiwa kwenye yote mawili ni la ubao, likiwa kwenye moja ni la mkono. Joseph Black, yule wa joto fiche, yaani joto ambalo kitu kinalimeza kikiyeyuka au kuchemka bila halijoto yake kupanda, alilifundisha Glasgow tangu mwanzoni mwa miaka ya 1760 na hakuwahi kulichapisha mwenyewe kikamilifu, akafariki 1799, lekcha zake zikachapishwa 1803 na John Robison, na kwa miaka yote ya katikati kilichokuwa kinazunguka ni notsi za wanafunzi. Watu wanaomsoma Black mpaka leo wanayalinganisha madaftari hayo, na inabidi wajihadhari maana mengine ni nakala ya nakala.

Kuandika nakala yako

Picha ya kwanza iwe ya lebo ya boksi, ya pili jalada, bila flashi, halafu kila karatasi mbele na nyuma kwa mpangilio, hata zilizo tupu. Picha zipe majina siku hiyohiyo, kesho hutakumbuka. Kwenye nakala fuata mistari yake, tahajia yake, vifupisho vyake, ulichoongeza wewe kiweke kwenye mabano ya mraba, kilichokatwa kikate nawe kwa mstari, na neno usilolisoma usilibahatishe, weka alama ya kuuliza na namba ya karatasi. Michoro ielezee kwa maneno hata kama una picha: nini kimechorwa, kwa kalamu gani, kina herufi zipi.

Kabla ya kuweka chochote mtandaoni uliza hakimiliki. Daftari kama hili lina watu wawili ndani, maneno ya mhadhiri na mkono wa mwanafunzi, na akaivu kumiliki karatasi sio sawa na kumiliki haki. Nchi nyingi zinahesabu miaka 70 baada ya mwandishi kufariki, ila Uingereza maandishi mengi ya zamani ambayo hayakuwahi kuchapishwa yanalindwa mpaka mwisho wa 2039, hata kama mwandishi alikufa karne ya 19. Imeili moja kwa mtunza nyaraka inakutatulia.

Ukimaliza watumie akaivu nakala yako, na orodha ya maneno uliyoshindwa uiambatanishe, usione aibu nayo. Mi niliituma yangu, na lile neno la karatasi ya 31 nyuma likiwa la kwanza kwenye orodha. Ikapita miaka miwili, akaniandikia mtunza nyaraka, kuna msomaji amelisoma, ni jina la mtu, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa anakaa naye benchi moja. Na daftari la huyo mwenzake lipo akaivu hiyohiyo, boksi la nne, halijawahi kuombwa.